Kifo Kisichosemwa

Kila kesi ilipotajwa, wanawake wawili walipanda basi moja la alfajiri kutoka Iringa kwenda Mbeya, na hawakukaa kiti kimoja. Verediana, mkulima wa Kalenga, alikaa nyuma kabisa, mahali ambapo hakuna mtu wa kumtazama kisogoni. Shufaa, muuza vitenge wa Iringa mjini, alikaa mbele, ushungi umemshuka mpaka kwenye nyusi. Kondakta wa basi lile, mtu mzima mwenye mdomo, alipowazoea akaanza kuwatania.

"Mawifi walionuniana! Leo nani kashinda?"

Hakuna aliyecheka. Safari iliyofuata alikuwa ameshanong'onezwa kwamba yule wa nyuma ni mama wa marehemu na yule wa mbele ni mama wa mshtakiwa. Tangu hapo aliipokea mizigo yao kwa mikono miwili, macho chini, kama mtu anayepokea sadaka.

Marehemu aliitwa Vitus. Alikuwa fundi wa kuziba pancha pale Iyunga, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Asubuhi moja ya mwezi wa saba, ukungu haujaondoka, Fuso lililopakia viazi liliacha njia, likamkuta ameinama juu ya gurudumu, likamgonga na kulala ubavu. Dereva alikuwa Hamza, mtoto wa Shufaa. Hayo kila mtu aliyajua. Ambacho hakuna aliyekijua ni kilichofuata hapo, na hicho ndicho kilichomnyima Verediana usingizi.

Katika ukoo alioolewa, kifo husemwa. Mtu akifa, aliyekuwa naye husimama mbele ya waombolezaji, na wao husimama pia, akaeleza: aliomba maji, nikampa, alinishika hapa, alimtaja fulani, akanyamaza. Hata kama ni mabaya, husemwa. Kikishasemwa ndipo matanga yanaanuliwa, mkeka unatolewa sakafuni, watu wanaoga na kurudi kwenye mambo yao. Wazee wa ukoo ule walikuwa wakisema kwamba kifo kisichosemwa ni kama mgeni aliyefika nyumba yenye watu asionyeshwe pa kukaa. Ataenda wapi? Atasimama hapohapo.

Siku ya mazishi, Sedekia, shemeji yake Verediana na mkubwa wa boma, alisoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa, akabatizwa, akasoma mpaka kidato cha nne, akaenda Mbeya kutafuta maisha. "Alifikwa na mauti kwa ajali ya gari huko Iyunga." Akakunja karatasi.

"Nani alikuwa naye?" shangazi mmoja aliuliza.

Yusta, dada yake Vitus, ambaye naye aliishi Iyunga akipika chakula cha madereva, alisema alipofika alikuta mwili umeshafunikwa. Basi. Jeneza likashushwa, watu wakala, wakatawanyika, na mkeka ukabaki sakafuni. Misimu miwili ya mahindi ilipita Verediana akiulalia.

Tangu hapo akaanza kusikia. Akiwa shambani akivunja mahindi, alisikia majani makavu yakikanyagwa mstari wa pili kutoka kwake. Akisimama, yanasimama. Akienda, yanakwenda, taratibu, kama mtu aliyekuja na jambo ila anasubiri kuulizwa. Mara nyingine ilikuwa nyundo. Nyundo juu ya ringi ya gari, ngo, ngo, ngo, na Kalenga yote haikuwa na fundi wa matairi upande ule. Alimwambia padri. Padri akamwombea, na kwa siku kadhaa kukawa kimya. Kisha ngo, ngo.

Alipolala kwa Yusta kule Iyunga ilikuwa vilevile. Malori yalipita mpaka vikombe vikagongana kabatini, na katikati ya ngurumo zao alisikia nyundo ileile.

"Hiyo ni gereji ya ng'ambo, mama," Yusta alisema.

"Leo Jumapili. Ng'ambo wamefunga."

Yusta akaendelea kuchambua mchele, akainamisha kichwa zaidi kuliko mchele ulivyotaka.

Tumaini la Verediana lilikuwa mahakama. Kijijini alishahudhuria baraza mara nyingi, la mipaka na la mbuzi walioingia shambani. Kule watu husema kuanzia mwanzo. Mtu anaulizwa habari za mbuzi, anaanza na alichopika siku ile. Akajiambia kwamba ikiwa baraza la kata linasikiliza hivyo kwa ajili ya mbuzi, mahakama ya mjini, yenye hakimu na askari mlangoni, itasikiliza namna gani kwa ajili ya mtu? Dereva alikuwepo. Atasimama mbele ya watu, ataulizwa, atasema. Kifo kitakuwa kimesemwa.

Lakini kesi ilitajwa tu. Leo upelelezi haujakamilika. Leo hakimu yuko safari ya kikazi. Leo ramani ya ajali haijaletwa kutoka polisi. Hamza alishaulizwa mwanzoni akajibu "si kweli", maana kila aliyemshauri alimwambia akane kwanza, mengine yatajulikana mbele. Akadhaminiwa, akakatazwa kutoka Mbeya, akawa anaishi kwa mjomba wake. Wakili wa serikali, kijana mpole mwenye faili nyingi kifuani, alimweleza Verediana kwamba yeye ni shahidi wa kutambua mwili.

"Nitasema ni yeye. Basi?"

"Basi, mama."

"Na huyo aliyemwona akifa, atasema lini?"

"Mshtakiwa? Atajitetea mwishoni, sisi tukishamaliza mashahidi wetu."

Verediana akaibeba "mwishoni" hiyo mpaka Kalenga, kama mtu aliyepewa mbegu.

Ndipo ikafika siku ya kusikilizwa. Mashahidi waliitwa kweli, na afande aliyechora ramani alikuwepo, kavaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi. Ubarazani, Verediana na Yusta walikaa kwenye benchi la kulia. La kushoto walikaa Shufaa, Hamza, na Othmani, tajiri mwenye Fuso, ambaye kabla ya siku hiyo hakuwahi kuonekana mahakamani hata mara moja. Othmani alikuwa amechangamka.

"Leo yanaisha," alimwambia Hamza, wala hakujali nani anasikia. "Ukumbushwe mashtaka, useme ni kweli, uombe msamaha, nilipe faini, adhuhuri tuko msikitini. Ukijifanya mjuzi utazunguka hapa mpaka ndevu ziote mvi."

"Inshallah," Shufaa alisema.

Verediana akamgeukia binti yake. "Akisema ni kweli, ndiyo inakuwaje?"

Yusta alikuwa amekwishauliza watu. "Wanasoma maelezo ya polisi, hakimu anampa adhabu, inaisha. Mashahidi hawaitwi. Hata wewe huitwi."

"Na yeye hasemi?"

"Aseme nini tena, mama, na ameshakubali?"

Verediana akainuka, akajifunga kanga vizuri, akavuka ubaraza. Tangu ajali hakuwahi kuuvuka. Hamza akainuka haraka kama mtu aliyeona moto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, nimekuja kukuomba. Ukiulizwa, kataa."

"Nikatae?"

"Sema si kweli."

Shufaa alikuwa ameshasimama katikati yao. "Makubwa! Mama Yusta, umelala vizuri wewe? Mwanao amekufa, mwanangu anataka kukiri, na wewe unamwambia akane?"

"Akikubali wanafunga. Mimi nataka aseme."

"Nimekuelewa!" Othmani alicheka kwa pua. "Anataka akane, ashindwe, afungwe miaka. Hesabu nzuri hiyo, mama. Nani kakufundisha?"

"Sitaki afungwe," Verediana alisema. Sauti yake haikupanda. "Kwetu kifo kinasemwa na aliyekiona. Wangu hajasemwa mpaka leo. Nasikia anatembea. Nitamwambia nini, kwamba mambo yameisha adhuhuri?"

Hamza alikuwa kijana mrefu, mabega yamemwinama. Alifungua mdomo.

"Hebu, hebu!" Askari wa mlangoni alikuja akipunga mkono. "Mama, wewe ni shahidi. Huruhusiwi kuongea na mshtakiwa. Na wewe Hamza, unataka dhamana ifutwe? Kila mtu upande wake!"

Wakarudi upande wao. Othmani alikuwa bado anatikisa kichwa. "Nimeona mengi, lakini hili!"

Hawakukaa sana, wakaitwa ndani.

"Kooooti!"

Watu walisimama, wakainama, wakakaa. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, sauti yake ya chini, na kwa sababu hiyo chumba kizima kilinyamaza ili kumsikia. Wakili wa serikali akasema kesi imekuja kwa kusikilizwa na mashahidi wapo. Hakimu akamtazama Hamza kizimbani.

"Mshtakiwa, mahakama inakukumbusha mashtaka yako. Unashtakiwa kwamba uliendesha gari kwa namna ya hatari katika barabara ya umma, eneo la Iyunga, ukasababisha kifo cha Vitus. Ni kweli au si kweli?"

Othmani akakohoa. Shufaa alikuwa akichezesha midomo, anasoma dua. Hamza alizungusha macho kwenye mabenchi mpaka yakakutana na ya Verediana, akayaondoa upesi.

"Ni kweli, mheshimiwa."

Verediana alihisi kiti kikimzamisha. Yusta akamshika kiganja.

Wakili akasoma maelezo. Yalikuwa mafupi kuliko tangazo la harusi kanisani. Gari aina fulani, kutoka Uyole kuelekea Tunduma. Mwendo usiofaa kwa hali ya ukungu. Liliacha njia upande wa kushoto. Lilimgonga mtembea kwa miguu. "Majeruhi alifariki papo hapo. Mshtakiwa alikamatwa na kufikishwa kituoni."

Papo hapo. Mtoto aliyezaliwa kwa taabu ya siku mbili, aliyekawia kusema, aliyekawia kutembea, ambaye hata kula alikula polepole mpaka wenzake wakaondoka mezani. Huyo ndiye aliyekufa papo hapo. Verediana alijaribu kuyameza maneno yale, yakakataa kushuka.

"Mshtakiwa, umeyasikia maelezo. Yote ni ya kweli?"

"Ndiyo, mheshimiwa." Hamza alishika ukingo wa kizimba. "Ila."

Othmani akageuka mzima mzima.

"Ila nini?"

"Hakufa papo hapo."

Hakimu aliweka kalamu chini. "Nisikilize vizuri. Sheria inasema ukikubali kosa, ukubali na maelezo yake. Hatuwezi kukuhukumu kwa kukubali kwenye 'ila'. Ukibaki na hiyo 'ila', mimi sina budi kuandika kwamba umekana, na kesi itaanza kusikilizwa. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mheshimiwa. Lakini hakufa papo hapo. Mimi nilikuwa naye."

Wakati huo Verediana alikuwa ameshasimama. Hakukusudia. Miguu ilisimama yenyewe, kama inavyosimama msibani. "Mama, kaa," askari alinong'ona. Hakimu alimtazama juu ya miwani, akamtazama askari, askari akaacha.

"Unataka kusema nini?" Hakimu alimuuliza Hamza.

Hamza akasema mbiombio, kama mtu anayejua atakatizwa.

"Gari lilipolala nilitokea dirishani. Viazi vilikuwa vimemwagika barabara nzima. Nikaona watu wanakuja mbio kwenye ukungu, nikasema alhamdulillahi, wanakuja kusaidia. Mheshimiwa, walikuja kwenye viazi. Walijaza ndoo, wengine walijaza kofia. Mmoja alitandika kanga. Yeye alikuwa upande wa pili, bodi imemlalia, kichwa na mabega viko nje. Hawakumwona, au walimwona, sijui. Nikalala chini ili anione. Akaniuliza, wewe nani? Nikamwambia mimi dereva. Akasema, zima kompresa, mafuta yanaisha, bosi ataongea."

Mtu mmoja nyuma akatoa sauti ya kucheka, akaikata.

"Nikaenda nikaizima. Nikarudi. Akasema ahsante. Nikamuuliza jina, akasema Vitus. Kwenu wapi? Akasema Kalenga. Nikamwambia basi sisi majirani, mimi wa Iringa mjini, ungesema mapema ningekukwepa. Sijui kwa nini nilisema hivyo, mheshimiwa. Niliogopa. Akacheka. Si sana, lakini alicheka. Halafu akasema..."

"Inatosha."

Neno lile halikutamkwa kwa ukali. Hamza alibaki mdomo wazi.

"Hayo ni ya utetezi," hakimu alisema. "Sikuzuii kuyasema. Nakuzuia kuyasema leo, kwa sababu hujaapa na upande wa mashtaka haujathibitisha lolote. Nakuuliza mara ya pili na ya mwisho. Unakubali maelezo kama yalivyosomwa?"

"Sema ndiyo," Shufaa alinong'ona, na chumba kizima kilimsikia. "Hamza, sema ndiyo, baba."

Wakili wa serikali alisimama. "Mheshimiwa, mimi ninasoma nilicholetewa. Siwezi kubadilisha maelezo bila kuwauliza walioyaandika."

"Mshtakiwa?"

"Siwezi, mheshimiwa."

Hakimu akachukua kalamu. Ikaandikwa kwamba mshtakiwa amekana. Wakili akaomba ahirisho ili amwite pia daktari aliyekagua mwili, likakubaliwa. Dhamana inaendelea, tarehe nyingine ikatajwa. Watu wakasimama, wakainama, na kesi ya wizi wa pikipiki ikaitwa. Verediana alikuwa angali amesimama vilevile, nusu ya kifo mikononi, mpaka Yusta alipomvuta.

Nje, Othmani hakutaka hata kuagana. "Faini yangu narudi nayo. Siku ya hukumu ajitafutie." Akaingia kwenye gari lake dogo, akaondoka. Hamza alichukuliwa na mjomba wake kupitia mlango wa pili ili asikutane na mashahidi.

Shufaa alimfuata Verediana mpaka kwenye ngazi. Ushungi ulikuwa umemteleza begani na nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Verediana hakuwahi kuziona.

"Umefurahi sasa? Yangeisha leo! Ningempeleka nyumbani, ningempikia. Tangu siku ile halali, analala na taa. Akisikia honi anajikunyata kama kuku. Leo ndiyo ilikuwa mwisho, umemharibia!"

"Sikumlazimisha, mama Hamza."

"Ulimtazama! Ulidhani sikuona? Unataka kujua alichosema mwanao? Mimi ninakijua, nimekisikia mpaka masikio yameota sugu. Alisema baridi! Basi! 'Kaka, nasikia baridi.' Mwanangu akavua sweta akamfunika, halafu wenye mawe wakafika kumpiga dereva, afande akamvuta Hamza akampakia bodaboda, sweta likabaki huko. Ndiyo hilo! Baridi! Chukua, nenda nalo kwenu!"

Alipomaliza alishika mdomo kwa kiganja, kama mtu aliyemwaga chungu. Yusta alikuwa analia. Verediana hakulia. Alitazama viatu vyake, kisha akasema polepole, "Alimwita kaka."

Shufaa akageuka, akaenda zake.

Jioni ile Iyunga hapakuwa na nyundo. Malori yalipita, vikombe vikagongana, na katikati ya ngurumo hapakuwa na kitu. Verediana alikaa na kikombe cha chai, mikono haikupata moto. Kimya kile kilimtisha kuliko nyundo, maana nyundo ni ya mtu mwenye kazi, na kimya ni cha mtu aliyekaza masikio.

Habari ilimtangulia Kalenga. Yusta alimpigia simu baba yake mdogo, na Jumapili baada ya Misa Sedekia alikuwa ameshaita watu. Naye alikuwa na haraka yake. Binti yake Joyness alikuwa ameshaposwa, na katika boma lile harusi haipigwi vigelegele mkeka wa matanga ukiwa chini. Wakwe walikuwa wanauliza kwa adabu, halafu kwa adabu kidogo.

"Kamwene, shemeji," alimsalimu Verediana kwa furaha. "Tumeambiwa dereva amesema. Kwa kuwa yeye si wetu na hawezi kuja hapa, wewe uliyemsikia utasema badala yake. Tumeshauriana. Inatosha hivyo."

Watu wakasimama. Verediana alisimama mbele yao na kueleza. Viazi, kanga iliyotandikwa, kompresa, jina, Kalenga. Aliposema kwamba Vitus alicheka, shangazi yule wa siku ya mazishi alitikisa kichwa akasema, "Ndiye huyo, ndiye kabisa." Verediana akafika pale ambapo Hamza alikatizwa, akanyamaza.

"Halafu?" Sedekia alisema.

"Halafu hakimu akasema inatosha."

Wengine walicheka bila kutaka.

"Hakimu hayuko hapa, shemeji. Malizia."

Neno lilikuwa ulimini. Lilikuwa fupi, lingetoka kwa pumzi moja, na baada yake mkeka ungeinuliwa na wanawake wangeenda mtoni. Lakini neno hilo alipewaje? Kwa hasira, kwenye ngazi, na mtu ambaye hakuwepo. Na hata likiwa la kweli, baada yake palikuwa na pengo. Hamza alivutwa akapakiwa pikipiki. Vitus alibaki na sweta la mtu, kati ya waokota viazi. Nani alimwona akinyamaza?

"Sina," alisema.

"Huna nini?"

"Mwisho wake. Dereva atausema atakapoapa. Na kama kuna mwingine aliyebaki naye, yule daktari na afande wakibanwa huenda atajulikana. Nitakwenda kila tarehe."

"Hiyo ni mwakani!" Sedekia alishika kiuno. "Shemeji, sisi wote tunajua alikufa. Sema alifia mikononi mwa dereva, ni maneno mazuri, nani atakataa? Marehemu mwenyewe angetaka mtoto wa watu aolewe."

"Polisi waliandika papo hapo," Verediana alisema. "Nayo yalikuwa maneno mazuri. Yule kijana alikuwa na njia ya kwenda nyumbani, akaombwa ayakubali tu. Akashindwa. Mimi ni mama yake, nitayasemaje mengine ya kutunga?"

Joyness, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe, aliliweka chini. "Baba, mwache mama mkubwa," alisema. "Wakwe nitaongea nao mimi." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa kitu anachokipenda, na Sedekia hakumtazama. Alichukua kofia yake akatoka. Wengine walikaa kitambo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amesema neno la kuwaruhusu, halafu mmojammoja wakaondoka bila kuaga.

Tarehe ilipofika ilikuwa tena majira ya baridi. Upepo ulivuma kutoka milimani mpaka abiria stendi walijifunika blanketi kama wagonjwa. Verediana alipopanda basi, kondakta alipokea kikapu chake kwa mikono miwili na kuanza kwenda nacho nyuma, kisha akasita. Shufaa alikuwa amekaa kiti cha katikati, na kwenye nafasi ya pembeni yake alikuwa ameweka mkoba. Alipomwona Verediana, akauondoa mkoba, akaupakata.

Hakusema karibu. Verediana akakaa.

Walipita Mafinga. Kwenye miti ya misonobari Shufaa aliuliza, akitazama mbele, "Ulishawaambia kwenu? Lile neno?"

"Bado. Ni la Hamza."

"Hasira zilinipanda siku ile."

"Najua."

"Ameniambia hatabadilisha. Nimemsihi, nimelia, nimemletea shehe. Anasema mpaka aape." Shufaa alivuta pumzi. "Wakimfunga je, mama Yusta?"

Verediana alilifikiria swali lile kwa muda mrefu, kwa kuwa lilistahili. "Nitakuja na wewe kumtazama," alisema.

Shufaa akatikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa. Basi likashika mteremko wa kuelekea Makambako, na kioo cha dirisha lao kikaanza kuteleza chenyewe, kinafunguka kidogo kidogo, upepo unaingia kama kisu. Shufaa alikisukuma, kikarudi. Verediana alikisukuma, kikarudi. Kondakta alikuja akajaribu, akasema kimekufa, hakifungiki mpaka Mbeya. Basi wakakishika kwa mikono, mmoja akichoka mwenzake anapokea.